Hamira Isiyoachana: Seli Moja Inavyogeuka Kuwa Kishada

Kiumbe kinachoumua maandazi ndicho hichohicho kinachochachua tembo la mnazi na pombe nyingine nyingi za kienyeji: kuvu mdogo wa seli moja ambaye wataalamu humwita Saccharomyces cerevisiae, na sisi twaiita hamira. Seli yake ina upana wa takriban mikromita 5, maana yake ukizipanga 200 kwenye mstari ndipo unapata milimita moja. Kila seli hujitegemea. Hula peke yake, hukua peke yake, na ikipata sukari na joto la kutosha huzaa nyingine kila baada ya saa moja na nusu hivi.

Lakini miili yote tunayoijua, ya mbuyu, ya nyangumi, ya uyoga na yetu wenyewe, ilitokana na viumbe wa seli moja. Wanabiolojia wanakadiria kwamba hatua ya kutoka seli moja hadi seli nyingi zinazoishi pamoja imetokea si chini ya mara 25 katika historia ya uhai, kila mara katika ukoo tofauti. Shida ni kwamba ilitokea zamani mno, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita na zaidi, na ilianzia kwa viumbe laini na wadogo ambao hawakuacha alama za kutosha kwenye mawe. Ndiyo maana swali la jinsi seli zilivyoanza kukaa pamoja lilibaki muda mrefu mikononi mwa watu wa nadharia. Hamira imelileta kwenye meza ya maabara, mahali ambapo mageuko yanaweza kutazamwa yakitokea.

Ili kuelewa kilichoonekana humo, ni lazima tuanze na namna hamira inavyozaa.

Seli ya hamira haigawanyiki katikati kama bakteria wengi. Huchipua. Uvimbe mdogo hutokeza ubavuni, ukakua, ukapokea nakala yake ya kromosomu, kisha ukuta hujengwa kati ya mama na binti. Ukuta huo una tabaka la kaitini, kitu kilekile kinacholipa gamba la kamba ugumu wake. Binti hawezi kuondoka mpaka tabaka hilo liyeyushwe, na kazi ya kuliyeyusha hufanywa na vimeng'enya ambavyo binti mwenyewe huvitengeneza. Jeni inayotoa amri hiyo huitwa ACE2. Protini yake huingia kwenye kiini cha binti, huwasha jeni za vimeng'enya, ukuta huliwa, na seli mbili huachana. Kwa hiyo kuachana hakuji kwenyewe. Ni kazi yenye zana zake, na zana huharibika.

Sasa, seli za hamira zinaweza kuishia kwenye bonge moja kwa njia mbili, na watu huzichanganya sana. Njia ya kwanza ni ya kukutana: seli zilizozaliwa mbali na kuelea kila moja kivyake zinagandamana. Wapika bia wanaifahamu. Uchachukaji unapokaribia mwisho na sukari kupungua, hamira ya aina nyingi hujikusanya mabonge na kujitenga na bia yenyewe, na kwa karne nyingi wapika bia walikuwa wakiteua tabia hii bila kujua lolote kuhusu jeni. Kinachozigandisha ni protini za familia ya FLO. Zinatokeza nje ya ukuta wa seli na kunasa manosi, sukari iliyopo kwenye ukuta wa jirani, kwa msaada wa kalsiamu. Mwaka 2005 Kevin Verstrepen na wenzake walionyesha kwamba ndani ya jeni ya FLO1 mna vipande vya DNA vinavyojirudia, ambavyo huongezeka au kupungua kwa wepesi kizazi hadi kizazi. Vikiwa vingi, mshiko huwa mkali zaidi. Mwaka 2008 wakaonyesha pia faida yake: seli zilizo katikati ya bonge hustahimili sumu, pombe ikiwemo, kuliko seli iliyo peke yake.

Mtu akisikia habari hizo anaweza kudhani jibu limepatikana, kwamba mwili wa kwanza ulitokana na seli zilizokutana zikashikana mikono. Hapo ndipo majaribio yalipokuja kuonyesha njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito: seli zisizokutana kamwe, kwa sababu hazikuwahi kuachana.

Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, William Ratcliff, Ford Denison, Mark Borrello na Michael Travisano walichukua hamira ya seli mojamoja, yote ya ukoo mmoja, wakaigawa katika makundi 10. Kila kundi liliwekwa kwenye neli yenye kimiminika cha chakula na kutikiswa kwa saa 24. Kisha neli zikasimamishwa zitulie kwa dakika 45. Watafiti wakachukua kiasi kidogo cha chini kabisa, wakakihamishia kwenye chakula kipya, na kilichobaki juu wakakitupa. Kesho yake tena. Seli zilipozidi kuzama upesi, wakaongeza ukali kwa kutumia mashine ya kuzungusha neli kwa sekunde 10 tu. Hakuna jeni iliyoguswa kwa mkono wa mtu na hakuna dawa iliyotiwa. Sharti lilikuwa moja: anayezama haraka ndiye anayeendelea kuishi.

Kufikia siku ya 60, makundi yote 10 yalikuwa yametawaliwa na vishada. Ripoti yao ilitoka mwaka 2012 katika jarida la PNAS.

Sababu ya kuzama ni ya kifizikia. Kitu kikiongezeka ukubwa, uzito wake hupanda haraka kuliko ukinzani wa maji unaokizuia, hivyo kishada cha seli 100 huitangulia seli moja kufika chini hata kama zimeumbwa kwa vitu vilevile. Jambo lililokuwa halijulikani ni njia ambayo hamira ingeifuata ili kupata ukubwa huo. Ingeweza kuwasha jeni za FLO, ambazo tayari inazo. Lakini watafiti walipoitazama seli moja kwa hadubini ikikua, waliona kwamba kishada kilijengeka kwa seli kuzaa binti, binti asiondoke, naye akazaa wa kwake, naye asiondoke. Waliita umbo hilo chembe ya theluji, kwa matawi yake. Msomaji wa kwetu ataliona vizuri zaidi akifikiria mpungate: kila bapa limeota juu ya jingine, limeshikwa mahali pamoja tu, na bapa moja likikatika na kuanguka, linaanza mmea wake. Kishada cha hamira kinafanya vivyo hivyo. Tawi linavunjika, linajitenga, linakua mpaka kufikia kimo cha mama yake, kisha nalo linavunjika.

Mwaka 2015 chanzo cha kijeni kilitangazwa, nacho ni ACE2. Jeni ileile ya kuachanisha ilikuwa imeharibika. Watafiti walipoiondoa wenyewe kwenye hamira ya kawaida, hamira hiyo ikaanza kuota vishada papo hapo. Hili linaeleza pia kwa nini makundi yote 10 yalifika mahali pamoja bila kuwasiliana. Kuunda kitu kipya ndani ya jeni ni jambo adimu, lakini kuharibu kilichopo kuna njia maelfu: herufi moja ikibadilika, kipande kikidondoka, amri ikikatizwa katikati. Katika mabilioni ya seli, kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja au wawili tayari wamezaliwa na kasoro hiyo. Kwa kawaida hawafiki mbali, maana seli za ndani ya kishada hupata chakula kidogo na kishada hukua polepole kuliko seli zilizo huru. Ukiacha kuteua wanaozama, seli mojamoja ndizo zinazoshinda. Kasoro iligeuka kuwa faida siku ile neli ziliposimamishwa zitulie.

Naomba nichepuke kidogo hapa, kwa sababu kuna jambo ambalo husahaulika. Hamira tunayoiona kuwa ya kawaida si lazima iwe ndiyo ya asili. Aina mashuhuri ya maabara, S288C, ilipendwa kwa sababu seli zake huachana vizuri na ni rahisi kuhesabika. Usafi huo unatokana na badiliko katika jeni nyingine, AMN1. Baadhi ya aina za porini na za mashamba ya mizabibu zina AMN1 isiyo na badiliko hilo, na protini yake husababisha Ace2, yaani protini ya jeni ya ACE2, kuvunjwavunjwa. Nyingi kati ya hizo hukua zikiwa zimeshikamana. Kwa hiyo mpaka kati ya kuishi peke yako na kuishi pamoja, kwa hamira, ni mwembamba mno, na umevukwa huku na huko mara nyingi.

Kwa nini basi nasema njia ya pili ndiyo yenye uzito? Tazama nani anaishi na nani. Bonge la FLO linaweza kukusanya mtu yeyote aliye jirani, ndugu na wageni, hata wale wasiotoa chochote. Viumbe wanaojenga mwili kwa kukutana wana tatizo hili tangu zamani. Ukungu wa udongo uitwao Dictyostelium hukusanya maelfu ya seli kujenga bua, ambapo baadhi hufa ili kuwainua wengine juu, na humo hujipenyeza koo zinazokwepa kuwa bua na kukimbilia kuwa mbegu. Katika kishada cha ACE2 hali ni tofauti, kwa kuwa kila tawi linalovunjika linaanzia kwenye seli moja ya shinani, na seli zote zilizo juu yake ni wazao wa seli hiyo. Badiliko jipya la jeni likitokea mahali fulani kwenye kishada, baada ya mivunjiko michache litajikuta limo katika kishada ambacho seli zote zinalo. Vishada vyenye tabia tofauti vinaweza sasa kushindanishwa, kama wanyama wanavyoshindana. Uteuzi wa asili unaacha kupima seli na kuanza kupima kishada. Na yote haya yamepatikana bila jeni yoyote ya ushirikiano kubuniwa, kwa jiometria ya kuota na kukatika tu.

Watafiti wa Minnesota waliona pia kwamba katika vishada vikubwa seli nyingi zaidi zilikuwa zikifa, na wakapendekeza kwamba seli hizo hufanya kazi ya kuwa mahali dhaifu pa kukatikia. Ilikuwa dai zito, kwani linakaribia kusema kuna mgawanyo wa kazi. Mwaka 2018 wanafizikia waliofanya kazi na Ratcliff walitoa picha inayoegemea zaidi msongamano: seli zinapozaliana ndani ya kishada zinasukumana, shinikizo linapanda, mpaka kiungo kimoja kinakatika. Hamira ilikuwa imelipunguza shinikizo hilo kwa kurefusha seli zake, maana seli ndefu huacha nafasi zaidi kati ya matawi. Mimi naona picha hii ina nguvu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu inatabiri ukubwa wa kishada kutokana na umbo la seli.

Kuna pingamizi mbili ambazo msomaji makini atakuwa tayari anazo. Ya kwanza: kuzamisha hamira kwenye neli ni mchezo wa binadamu, huko duniani nani anateua wanaozama? Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake bora halikutoka Minnesota. John Koschwanez, Kevin Foster na Andrew Murray walianza na sukari ya kawaida, sukrosi. Hamira huivunja nje ya seli kwa kimeng'enya kiitwacho invatesi, kilichopo kwenye ukuta wake, ndipo huingiza glukosi na fruktosi ndani. Tatizo ni kwamba karibu yote iliyovunjwa huponyoka na kutawanyika kwenye maji kabla seli haijaiwahi. Sukari ikiwa kidogo na seli ikiwa peke yake, inapika chakula kinachoondoka na maji, na haiwezi kukua. Seli zilizo kwenye kishada hudaka kinachoponyoka kwa jirani. Waliikuza hamira kwenye sukrosi kidogo, bila kuzamisha kitu, na mwaka 2013 wakatoa matokeo: kati ya koo 12 zilizofaulu, 11 zilikuwa zimegeuka vishada, na kwa njia ileile ya kutoachana. Kumi ziliongeza pia utengenezaji wa invatesi. Hakuna hata moja iliyojifunza kuingiza sukrosi nzima ndani, ingawa watafiti walikuwa wamethibitisha kwamba njia hiyo inawezekana. Kwangu jaribio hili linashawishi kuliko la kwanza, kwa kuwa sukari chache na maji mengi ni hali ambayo viumbe wanakutana nayo kila mahali.

Pingamizi la pili: babu wa hamira alikuwa kuvu wa seli nyingi, basi labda hamira inakumbuka tu ya zamani. Ratcliff na wenzake walilijibu mwaka 2013 kwa mwani uitwao Chlamydomonas reinhardtii, ambao haujawahi kuwa na babu wa seli nyingi. Nao, ukiteuliwa kwa kuzama, ulitoa vishada. Mwaka 2019 Matthew Herron na wenzake waliuweka mwani huohuo pamoja na kiumbe wa seli moja anayeula, paramesia. Baada ya wiki 50 makundi mawili kati ya matano yalikuwa na vishada vilivyo vigumu kumezwa. Mlaji, sukari inayoponyoka, na uzito kwenye maji vyote vimesukuma upande mmoja.

Kishada cha seli 100, hata hivyo, bado ni kitu kinachoonekana kwa hadubini tu. Kutoka hapo hadi kitu cha kuonekana kwa macho ni safari nyingine, na imefanywa katika chuo cha Georgia Tech, mjini Atlanta, ambako Ratcliff alihamia. Ozan Bozdag alianzisha huko jaribio la muda mrefu na kuliendeleza siku kwa siku. Hamira iligawanywa katika hali tatu: inayotumia oksijeni pekee, inayoweza kutumia oksijeni au kuchachua, na isiyoweza kutumia oksijeni kabisa. Baada ya uhamisho 600, ambao ni takriban vizazi 3,000, kundi la tatu lilikuwa limekuwa jambo jingine. Vishada vyake vilikuwa na seli karibu 450,000 kila kimoja, vikubwa mara 20,000 kuliko mwanzo, na ungeviona kwa macho chini ya neli. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023.

Ukubwa huo usingewezekana kwa viungo vilevile dhaifu. Kishada cha mwanzo kilikuwa laini kuliko jelatini. Kile cha mwisho, kwa vipimo vya watafiti, kilikuwa na ugumu wa mbao. Seli zilikuwa zimerefuka zaidi na zaidi, kutoka umbo la karibu mviringo hadi urefu wa takriban mara 2.7 ya upana wake, na matawi marefu yakawa yanapitana na kusokotana kama mizabibu kwenye uzio. Kiungo kimoja kikikatika, tawi haliondoki, kwa sababu limenaswa na mengine pande zote. Ninaliona hili kuwa ugunduzi mzuri kuliko yote katika habari hii: nguvu haikutoka kwenye gundi, imetoka kwenye umbo.

Na wale wenye oksijeni? Walibaki wadogo. Kwa miaka mingi vitabu vimefundisha kwamba kupanda kwa oksijeni angani ndiko kulikofungua mlango wa miili mikubwa. Kwenye neli, oksijeni kidogo ilifanya kinyume. Inawanufaisha wanaoipata, nayo haipenyi mbali ndani ya kishada, kwa hiyo kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mwili wako inavyokosa faida hiyo. Anayechachua tu hana cha kupoteza kwa kuwa mkubwa. Hili halifuti nadharia ya zamani, maana oksijeni nyingi ni habari nyingine, lakini linaonyesha kwamba oksijeni ya kiasi kidogo inaweza kuwa breki.

Mwaka 2025 Kai Tong na wenzake walirudi kwenye DNA za vishada hivyo na kukuta jambo lililotokea mapema, ndani ya siku 50 za kwanza: hamira ilikuwa imeongeza seti zake za kromosomu kutoka mbili hadi nne. Seli zenye seti nne ni kubwa na ndefu zaidi, na hilo peke yake hukuza kishada. Kilichoshangaza ni kudumu kwake. Katika maabara, hamira ya seti nne kwa kawaida haitulii na hurudi kwenye mbili. Hapa ilidumu siku 950 zilizofuata, kwa sababu kila aliyeirudisha alipoteza ukubwa akaachwa juu ya neli.

Linabaki suala la chakula. Kishada cha kuonekana kwa macho hakina mishipa wala moyo, na kwa hesabu ya kawaida seli zake za ndani zingepaswa kukaa na njaa. Mwaka 2025 timu ya Shashi Thutupalli wa Bengaluru, India, ikishirikiana na ile ya Atlanta, ilionyesha kwamba kishada kinapokula sukari hukifanya kimiminika kilichokizunguka kuwa chepesi, hicho hupanda, na kipya huvutwa kupitia kwenye matawi. Mkondo huo unalisha seli za ndani, na unatokana na ulaji wenyewe bila jeni maalumu ya kuuendesha. Seli za vishada hivi bado hazijagawana kazi kama zilivyogawana seli za mnyama au mmea, na hilo ndilo linalosubiriwa Atlanta. Sampuli hugandishwa kwenye barafu jaribio likiendelea, hivyo siku seli za ndani zikianza kufanya kazi tofauti na za nje, itawezekana kurudi nyuma kwenye sampuli hizo na kutafuta badiliko lilipoanzia.